ULIZA FUNDI: Allion yangu imepooza, nifunge filta ya koni?

Swali: Mwangaluka fundi. Mi msomaji wako niko Ipuli hapa Tabora. Nina Toyota Allion ya 2003, injini 1NZ, otomatiki, dashibodi inasoma kilomita 248,000. Niliinunua kwa mtu Dar mwaka jana, kule ilikuwa inachanganya vizuri tu, ila tangu nihamie huku kikazi naiona imepooza, hasa nikiwa na watu wanne na AC nimewasha. Kuna kijana wa spea kaniambia nitoe boksi lote la eya klina nifunge filta ya koni na paipu ya aluminiamu, anataka elfu 85 pamoja na ufundi, anasema gari itapumua na ulaji wa mafuta utapungua. Video nazo nimeangalia nyingi, kila mtu anasifia. Je ni kweli? Na kwa gari iliyotembea hivi haina madhara?

Jibu: Mwangaluka ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza kabla hujafunga, maana wengi huwa wananiletea gari boksi la kiwandani limeshatupwa na kulipata tena lenye klipu zake zote ni shughuli.

Tuanze na hilo la Dar, sababu umelitaja mwenyewe alafu ukalipita. Tabora iko juu, kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo presha ya hewa inakuwa pungufu kama asilimia 12 au 13 ukilinganisha na pale Kariakoo ulipokuwa unapita na hiyo gari. Injini isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, basi, haina namna ya kuongeza. 1NZ ikiwa mpya inatoa nguvu za farasi 109 hivi usawa wa bahari, kwa hesabu hiyo ukiipandisha Tabora unabaki na kama 95 hata kama haina tatizo lolote, na yako si mpya. Kwaiyo sehemu ya huko kupooza unakokusikia si ugonjwa, ni hewa ya huku, na koni haiwezi kukurudishia hiyo hata ukifunga tatu.

Sasa swali lako lenyewe, je boksi la kiwandani linaibana injini? Hili nilishawahi kulipima badala ya kubishana na vijana gereji. Nilichukua mpira mwembamba ule unaoonyesha ndani, kama ule wa dripu lakini mnene kidogo, nikaukunja kama herufi U, nikatia maji yenye rangi, upande mmoja nikauchomeka kwenye paipu baada ya filta, mwingine nikauacha wazi, nikaufunga kwenye ubao wenye rula na kukaa nao kiti cha abiria. Tukatoka barabara ya Nzega, nikamwambia dereva akanyage mafuta mpaka chini kwenye kilima. Maji yalipanda upande mmoja yakapishana na upande wa pili kama sentimita 10. Gari ilikuwa IST, injini ni hiyo hiyo 1NZ, filta ya karatasi mpya. Sentimita 10 za maji ni presha ndogo sana, kwa hewa ya Tabora ni kama asilimia 1 tu ya presha yote. Maana yake hata ungeondoa filta na boksi ukaacha injini inavuta wazi kabisa, ambacho usifanye, ungepata kama asilimia 1 ya nguvu, farasi mmoja, na hiyo ni pale umekanyaga mpaka chini. Ukiwa unatembea kawaida mjini throto, yaani ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta, yenyewe imefungwa zaidi ya nusu, yaani yenyewe ndo inayoibana hewa kwa makusudi, filta hapo haina kauli. Ndo maana ile habari ya mafuta kupungua siikubali, kwenye injini ya petroli yenye sensa kompyuta inapima hewa na kutoa petroli kulingana nayo, ikiingia nyingi petroli nayo itatoka nyingi.

Lakini mtu akishafunga anakuambia kwa dhati kabisa kwamba gari imekuwa nyepesi. Hakudanganyi, ni mlio. Boksi la kiwandani lina vyumba vimetengenezwa kunyamazisha ule mvumo wa kuvuta hewa, ukiutoa unasikia injini inanguruma kila ukikanyaga, na sikio likisikia mngurumo mwili unaamini spidi. Mwambie apime kwa saa kutoka kituo hadi kituo uone.

Kuna jambo la joto pia na hili ndo linaloweza kukufanya upate HASARA ya nguvu. Fungua boneti uangalie pua ya boksi lako inaelekea wapi, utaona imetokeza mbele kabisa juu ya rejeta, inavuta hewa ya nje. Koni inakaa ndani, pale pale ambapo feni ya rejeta inapuliza joto na egzosi ipo karibu. Hewa ya nyuzi 60 ni nyepesi kuliko ya nyuzi 30 kwa asilimia kama 9. Sasa piga hesabu, umepata asilimia 1 huku, umepoteza hadi 9 kule kwenye foleni ya soko au kwenye kilima unapanda polepole. Ukiwa spidi 80 barabarani upepo unaingia hali inakuwa afadhali, ila wewe umelalamikia watu wanne na AC, na hapo ndo joto linapokaa.

Sasa vumbi, na hapa naomba unisikilize vizuri kuliko pote maana hapa ndo injini zetu zinapofia.

Lita moja ya petroli ili iungue inahitaji hewa kama lita 10,000. Ukijaza lita 30 kwenda kijijini na kurudi, injini imevuta hewa lita laki tatu, na ukiwa umemfuata lori la tumbaku kwenye barabara ya vumbi kuelekea vijiji vya Uyui hiyo hewa unaijua ilivyo. Mchanga wetu ni mgumu kuliko chuma cha ringi na silinda. Chembe zinazoua wala si zile kubwa unazoziona kwenye filta, ni ule unga laini kama poda unaoingia mpaka kwenye mikunjo ya shati. Filta nzuri ya karatasi inaushika, na ikishashika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, ndo maana kuifungua fungua kila siku na kuipuliza kwa kompresa si kuitunza, upepo ule unatoboa karatasi vitundu usivyoviona alafu unairudisha ukijua umefanya la maana. Koni nyingi za bei ya elfu 30, 40 zinazouzwa ni wavu na sponji au pamba isiyo na maelezo yoyote, ukiinyanyua juani unaona mwanga unapita. Panapopita mwanga hivyo na poda inapita.

Ililetwa kwangu teksi moja, aina kama yako, imefungwa koni miezi minane hivi, mwenyewe analalamika inakula oili. Kabla sijagusa kitu nilifungua klempu ya paipu nikaingiza kidole ndani, upande wa baada ya filta, ambako panatakiwa pawe pasafi kama sahani. Kidole kilitoka na tope la kijivu, ukilisugua kati ya vidole viwili unasikia linakwaruza. Hilo tope limepita kwenye vali, kwenye ringi, mengine yako kwenye oili yanazunguka na kusaga bearing. Nikapima kampresheni, yaani presha ambayo kila silinda inabana hewa, silinda mbili zilikuwa zimeshuka vibaya. Yule baba alikuwa analea familia kwa ile gari na tulichoweza kufanya ni kubadilisha injini. Mpaka leo nikiona koni kwenye gari ya kazi moyo unaniuma.

Injini iliyotembea kama yako ina shida yake ya ziada. Ringi zikichoka, moshi wa ndani unapita chini na kutoka kwenye mpira wa breza juu ya kava ya vali, unarudishwa kwenye paipu ya hewa ukiwa na mvuke wa oili. Kijana akifunga paipu mpya mara nyingi hana pa kuuchomeka, anauacha wazi au anaweka kifilta kidogo kama cha mapambo. Ukiachwa wazi una mambo mawili, oili inarukia injini inanuka mpaka ndani ya gari, na pale ulipokuwa umechomeka kama tundu halijazibwa vizuri injini inavuta hewa ambayo haijachujwa wala kupimwa.

Na kupimwa ndo habari ya eafulo. Kwenye 1NZ sensa ya hewa imechomekwa juu ya boksi la filta kwa skrubu mbili, ndani yake ina kiwaya chembamba kinachochemshwa kwa umeme, hewa ikipita inakipoza, kompyuta inahesabu umeme unaohitajika kukirudisha kwenye joto lake na hapo inajua hewa ni kiasi gani. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa ile sehemu sensa ilipokaa. Ukiihamishia kwenye paipu pana zaidi hewa inapita taratibu pale kwenye waya, sensa inasema hewa chache, kompyuta inapunguza petroli, injini inaenda kavu. Inajaribu kujirekebisha yenyewe mpaka ikifika mwisho inawasha taa. Na zile koni za kupaka mafuta, ukizidisha kidogo tu yale mafuta yanavutwa mpaka kwenye kiwaya, vumbi linaganda juu yake, vipimo vinaanza kudanganya.

Kwaiyo hiyo elfu 85 ningekuwa wewe ningeipeleka hivi. Kwanza filta mpya ya karatasi ya kampuni inayoeleweka, ukubwa wake halisi, ikae kwenye boksi na klipu zote zifunge. Alafu plagi, zichomoe uziangalie zimekaaje, kama hazijabadilishwa toka Dar badilisha. Safisha throto, safisha eafulo kwa ile spreya yake maalum na si ya breki wala ya kabureta, na usiguse waya kwa kitambaa. Angalia kama kuna gurudumu breki inakamata, hii huwa inasahaulika, ukimaliza safari gusa rimu zote nne, ile ya moto kuliko zenzake ndo imekuwa ikikuvuta nyuma siku zote. Angalia oili ya giaboksi.

Pima kampresheni. Kitabu cha Toyota kwa 1NZ kinasema injini nzima ni psi 213, chini ya 156 imechoka, na tofauti ya silinda na silinda isizidi 14. Huku kwetu geji itasoma pungufu kwa sababu ile ile ya mwinuko, usishtuke ukiona 185, shtuka ukiona moja iko 185 na jirani yake 140. Kama moja iko chini tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi upime tena, ikipanda ni ringi, isipopanda fikiria vali.

Na mwisho masega, kile kisafisha moshi kilicho kwenye egzosi. Gari iliyotembea hivi na inayokula oili kidogo kidogo, masega yanaziba taratibu, unakanyaga mafuta injini inalia lakini gari haiendi, kama mtu aliyezibwa mdomo baada ya kuvuta pumzi. Wengi wanahangaika na upande wa kuvuta wakati shida iko upande wa kutoa. Fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele afunge geji ya presha pale, itamuonyesha. Ningebashiri, kwa dalili ulizotaja, nusu ni mwinuko na nusu nyingine iko kati ya plagi, throto na masega.

Kama baada ya yote hayo bado roho inataka koni, sitakugombeza, gari ni yako na mlio watu wanaupenda. Ila tafuta koni ya kampuni inayoandika kiwango chake cha kuchuja, kiti cha sensa kiwe na upana ule ule wa ndani wa kiwandani na mshale wa sensa ufuate hewa inakokwenda, mpira wa breza uchomekwe kwenye paipu baada ya sensa, paipu ifungwe na brekti isining'inie kwenye sensa maana injini inatikisika, na uweke kizuizi cha bati kati ya koni na joto la injini na njia ya hewa ya nje kuja pale. Usikubali ile ya kushusha koni chini kwenye bampa. Mvua za Novemba mpaka Aprili barabara zetu zinajaa maji, koni ikinywa maji yakaingia silinda hayabanwi kama hewa, konrodi, ule mkono wa pistoni, inakunjwa hapo hapo. Na boksi lako la zamani lifunge kwenye mfuko uliweke uvunguni.

Swali: Habari fundi, mimi dada yako wa Urambo. Nina IST, nimeshafunga koni mwezi uliopita, sasa taa ya cheki injini imewaka na sailensi (mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) inapanda na kushuka, nikisimama inataka kuzima. Wamepima kwa mashine wakapata P0171, wananiambia ninunue sensa ya oksijeni. Ninunue?

Jibu: Dada yangu usinunue kwanza. P0171 maana yake injini inaenda kavu, hewa nyingi kuliko petroli kwa hesabu ya kompyuta, na sensa ya oksijeni ndo iliyotoa taarifa, sasa ukimbadilisha mtoa taarifa tatizo linabaki. Imeanza baada ya koni, basi anzia kwenye koni. Washa injini, chukua chupa ya kupulizia yenye maji, pulizia kidogo kidogo kwenye kila klempu na kila kiungio kati ya sensa na throto (waya na soketi usizimwagie), pale sailensi itakapobadilika ghafla ndo panapovuja. Mpira wa breza uangalie kwa mkono, huwa umepasuka upande wa chini usioonekana. Kama hakuna kinachovuja, safisha eafulo. Kama bado, rudisha boksi la kiwandani na filta mpya, futa ile kodi ya P0171 kwa mashine, tembea siku tatu. Taa isiporudi umeshajua. Isije ikakaa hivyo hivyo muda mrefu, injini kavu inachemka ndani na vali zinaungua.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu Sikonge, naendesha Carina Ti yenye injini 5A. Nimeambiwa ya kwangu haina eafulo, inapima hewa kwa presha, kwaiyo naweza kufunga filta yoyote bila shida. Kweli?

Jibu: Marahaba mwalimu. Nusu ni kweli. 5A yako inasoma presha ndani ya manifoldi, yale mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, upana wa paipu haiujali, taa haitakuwakia. Lakini hapo ndo hatari ilipo kwako, maana mwenye 1NZ akikosea kompyuta inampigia kelele, yako itavuta vumbi mwaka mzima kimya kimya. Ya vumbi niliyomwambia wa Ipuli ni yako yote. Na wewe unayeegesha gari likizo nzima, kabla hujawasha fungua boksi uangalie. Mwaka fulani nilifungua boksi la gari iliyokaa miezi miwili nikakuta maganda ya karanga yamejaa robo, vipande vya gunia, na filta imetafunwa kona kabisa, panya kajenga. Mwenyewe alikuwa ameshaiendesha siku nne. Weka wavu mgumu kwenye mdomo wa pua, matundu yawe madogo sana, maana panya mdogo hupenya hata pasipopita kidole.

Swali: Fundi niko Kasulu, Kigoma. Nina Hilux ya dizeli ya zamani, kazi yangu kubeba mzigo vijijini, vumbi ni la kupitiliza. Kuna mtu anauza snoko lililotumika, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi usawa wa paa. Litanisaidia na vumbi au ni la kwenye maji tu?

Jibu: Litakusaidia kaka, na kwa gari yako ningelifunga kabla ya koni mara kumi. Vumbi zito la matairi linakaa chini, ukivuta hewa kutoka usawa wa paa filta inapata kazi ndogo na inakaa muda mrefu. Ukiwa unafuata gari nyingine muda mwingi, geuza kichwa cha snoko kitazame nyuma, vumbi kubwa litapita pembeni bila kuingia. Sharti ni moja tu, viungio vyote visivuje, kuanzia fenda hadi kwenye boksi, maana snoko linalovuja linavuta vumbi la kwenye fenda ambalo ni baya kuliko la mwanzo, na hili limetumika kwaiyo angalia nyufa kwenye kona. Kile kimpira cha chini ya boksi cha kutolea vumbi na maji kiwepo na kisiwe kimekakamaa.

Ukishafunga, fanya hivi. Paka grisi nyembamba sana kwenye mdomo wa boksi pale filta inapokalia, upande wa ndani, na nyingine kidogo ndani ya paipu baada ya filta. Endesha wiki mbili kazi yako ya kawaida alafu fungua. Grisi ikiwa inang'aa vile vile umefunga vizuri. Ukiona sehemu imeganda vumbi, hapo hapo ndo panapopita, rudi ukapazibe.